Fahali Aliyekufa Siku Moja Kabla ya Mahari

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, na kitambulisho shingoni na simu inayoona mbali kuliko macho yangu, hamtapata taabu niliyopata mimi na jina. Mimi ni mwanamke, na watoto nimezaa, lakini kuanzia Kiganjo hadi Chaka na vijiji vya Kieni vilivyo kati yao sikuitwa kitu kingine ila Bwana Afya. Wazee walinivulia kofia, wakaniambia, "Habari ya asubuhi, Bwana Afya," kisha wakaniuliza kama watoto wananyonya vizuri. Mume wangu, mwalimu mpole wa hesabu, akipita sokoni alisikia akinamama wakinong'onezana, "Huyo ndiye bibi ya Bwana Afya." Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye akawa anaitika.

Kwenye karatasi nilikuwa afisa wa afya ya mazingira. Kwa lugha ya sokoni, nilikuwa mtu anayeingia mahali ambapo hakualikwa na kuuliza choo kiko wapi. Visima, mitaro, panya, hoteli, nyama, vyoo vilivyojaa na vile ambavyo havikuwahi kuchimbwa, vyote vilikuwa vyangu. Mkiwa mezani na jamaa zenu msieleze sana kazi yenu. Ngojeni wamalize kula.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndirangu, mkubwa wangu wa kwanza mjini Nyeri, mtu mfupi mwenye masharubu, ambaye alinusa chumba kabla ya kusalimia waliomo. Siku yangu ya kwanza nilitoka nyumbani nimevaa koti langu jeupe, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Tulipofika mtaani, kila hoteli ilikuwa inapigwa deki. Maji yalitiririka hadi barabarani. Mhudumu mmoja alikuwa anampangusa paka. Mzee Ndirangu akasimama, akaniangalia kuanzia kola hadi viatu.

"Umewapigia kengele," akasema. "Kesho koti liwe kwa kiondo."

Kesho yake koti likawa limekunjwa ndani ya kiondo, kikapu changu cha sokoni. Yeye aliingia kwa mlango wa mbele akaagiza chai, mimi nikazunguka nyuma. Huko jikoni nilikuta kuku ameatamia mayai ndani ya pipa la unga wa chapati. Nikapiga kelele. Mpishi akaweka kidole mdomoni mwake, akaniambia kwa upole kabisa, "Polepole mama, utamshtua."

Kwa hiyo somo la kwanza ni hilo: nyuma kwanza, koti baadaye.

Somo la pili nilipewa na mtu mmoja wa Karatina. Tulikuwa tumekamata nyama isiyo na mhuri, tukiihesabu, tukaona paja moja la mbuzi limepungua. Mzee Ndirangu akatazama watu waliosimama pale, akamnyooshea kidole bwana mmoja aliyevaa koti refu la sufu kwenye jua la mchana. "Fungua koti, ndugu yangu." Paja lilikuwa limefungwa kiunoni kwa mkanda, kwato ikichungulia chini. Tangu siku hiyo, mtu mwenye koti zito kukiwa na jua alinitia wasiwasi, na wasiwasi huo ndio ulionifikisha kwa jambo ninalotaka kuwasimulia hasa. Hayo mengine yalikuwa ya kupasha mdomo joto.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Chaka, niko peke yangu na pikipiki ya ofisi ambayo iliwaka ikipenda. Asubuhi ya Jumamosi nikamwona Kamau mwenye bucha amesimama mlangoni kwangu, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyefiwa.

"Bwana Afya, mimi si mtu wa kusema watu," akaanza.

Nikavuta kiti, maana nilijua kuna mtu anakaribia kusemwa.

"Mzee Gathogo leo ako na ruracio. Msichana wake analetewa mahari na watu wa Timau. Alikuwa ameniambia nimwekee nyama. Nimeweka! Halafu jana jioni ananipigia simu ati hataki tena, ati amechinja ile fahali yake."

"Si ni haki yake?"

"Ile fahali? Bwana Afya, huyo mzee hata kumwuza alikataa. Alikuwa anamfunika gunia wakati wa baridi. Juzi nimemwona akikula majani kando ya barabara, mzima kuliko mimi. Sasa achinjwe ghafla hivyo, na hakuna mtu ameitwa kupima?"

Kamau alikuwa na uchungu wa nyama yake iliyokuwa inaning'inia bila mnunuzi, hilo halikufichika. Lakini mtu mwenye wivu huangalia vitu kwa makini, na katika kazi yetu msidharau macho ya namna hiyo. Nikampigia daktari wa mifugo. Alikuwa mbali upande wa Naro Moru, akasema atafika mchana, na akaniambia neno moja lililonifanya nisahau chai yangu mezani: "Usiguse."

Boma la Mzee Gathogo lilikuwa limependeza. Hema limesimama, viti vimevalishwa vitambaa, akinamama wanaponda mukimo wa viazi na mahindi huku wakiimba. Nyuma, karibu na zizi, masufuria makubwa yalikuwa motoni, na mwenye kuyasimamia alikuwa mama mzazi wa Mzee Gathogo, Cucu Wangechi. Nyinyi msio wa huku, cucu ni nyanya. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso mbili, na mwiko wake ulikuwa mrefu karibu kama yeye.

"Bwana Afya amekuja ruracio!" akasema kwa furaha. "Mpeni kiti. Mpeni supu."

"Asante Cucu, supu baadaye. Nani alichinja fahali?"

Nyimbo zikapungua. Cucu akaangalia zizi. Mama mmoja akasema ni Njoroge. Njoroge akasema yeye alifika akakuta tayari. Mzee Gathogo akaja mbio, kofia imekaa upande, akasema alichinja yeye mwenyewe, halafu akasema hapana, alishika kamba tu. Nilisimama pale karibu nusu ya asubuhi nikitafuta mtu aliyemchinja yule ng'ombe, na kulingana na maelezo yote, alijichinja.

"Basi nionyesheni kichwa," nikasema.

Kichwa nacho kilikuwa kimepotea. Fahali mzima, pembe kama mikono ya mlango, kichwa hakijulikani kilipo. Nikafuata nzi. Walinipeleka hadi stoo, nyuma ya magunia ya viazi, ambako kichwa kilikuwa ndani ya karai kimefunikwa majani ya kabichi. Nikayasukuma majani kwa kijiti. Damu nyeusi ilikuwa imetoka puani, na bado ilikuwa majimaji. Damu ya mnyama aliyechinjwa vizuri huganda. Ile ilikuwa inateleza kama mafuta ya gari.

Nikarudi nyuma polepole.

Kimeta, vijana wangu, ndio ugonjwa niliouogopa kuliko yote. Ng'ombe anakula majani asubuhi, jioni amelala chini amevimba, damu inatoka puani na mkiani. Ukimpasua, umeufungulia ugonjwa mlango. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, na huwezi kutegemea sufuria izimalize. Mtu anaweza kuupata kwa kumchuna, anaweza kuupata kwa kula, na ule wa kula ndio mbaya zaidi.

"Mzee," nikamwambia Gathogo pembeni, "fahali alikufa mwenyewe."

Akatazama chini. "Alianguka tu, Bwana Afya. Ijumaa mchana. Alikuwa bado moto wakati tulimkata shingo."

"Hii nyama hailiwi."

"Wageni wamepita Nanyuki!" Simu ilikuwa mkononi, imemulika. "Gari nzima! Nitawapa nini? Nitawaambia nini hao watu wa Timau? Ati tumewaita kuangalia masufuria?"

Nikapandisha sauti ili wapishi wote wasikie: moto uzimwe, nyama isiguswe tena. Cucu Wangechi akauchomeka mwiko ardhini kama mkuki.

"Wewe mtoto," akasema. Bwana Afya ilikuwa imeisha. "Mimi nimekula ng'ombe za kujifia tangu nikiwa msichana. Za ukame, za mafuriko, hata moja ya kugongwa na lori. Tunachemsha sana. Na niko hapa!"

"Uko hapa, Cucu. Waliokufa hawawezi kuja kubishana na mimi."

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Wanawake walisimama kumzunguka, na mbele ya masufuria pakawa na ukuta wa aproni. Niliwaza kupiga simu polisi. Lakini polisi wangefika baada ya wageni, na nyama ilikuwa inakaribia kuiva. Harufu yake, niseme ukweli, ilikuwa tamu. Hilo hamtaambiwa darasani: nyama inayoweza kukuua hainuki vibaya. Nilikuwa na njaa, na mate yalinijaa mdomoni huku nikiwaambia watu ni sumu.

"Wako Naro Moru!" Mzee Gathogo akaita, simu sikioni.

Hapo ndipo nilipomwona Muriithi.

Muriithi alikuwa ndugu mdogo wa Gathogo, ndiye aliyeandaliwa kuongoza sherehe, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alikuwa anapita kati ya hema na jikoni akipanga viti, na alikuwa amevaa koti zito la baridi, limefungwa vifungo hadi shingoni. Jua lilikuwa linachoma. Jasho lilimshuka masikioni. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameubana tumboni, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Nikakumbuka kwato ya Karatina. Nikajua kabisa: huyu amefunga ubavu wa nyama chini ya koti, anaupeleka nyumbani kwake.

"Bwana Muriithi. Vua koti."

"Ati nini?"

"Vua koti."

"Kuna baridi, Bwana Afya."

"Unatoa jasho."

"Ni jasho ya baridi."

Watu wakaanza kusogea, maana kila mtu anapenda kuona mwingine akikamatwa na nyama. Hata Cucu aliacha sufuria. Muriithi akajaribu kicheko chake kikubwa, kikatoka kidogo. Nikamwambia kama hana kitu, avue tu, niombe msamaha mbele ya watu wote, na nitampa hata koti langu jeupe avae. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Hakukuwa na ubavu. Hakukuwa na paja. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

Kisha akatoa mkono wa kushoto kwenye koti, na shati lilikuwa limekunjwa kwa sababu mkono haukuingia tena. Ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko. Katikati palikuwa na kidonda cheusi kama kipande cha makaa, kimezungukwa na malengelenge.

"Kinauma?" nikamwuliza.

"Hapana, hakiumi hata kidogo," akasema, akijaribu kucheka. "Ndiyo sababu sikuenda hospitali. Niliona ni buibui. Nimevaa koti ndiyo wageni wasione, waseme tuko na magonjwa."

"Kilianza lini?"

"Wiki hii. Baada ya ile ndama."

"Ndama gani?"

Akamwangalia ndugu yake. Ndugu yake akaiangalia simu. Ndama alikuwa amekufa wiki iliyotangulia, kwenye malisho yale yale. Muriithi ndiye aliyemchuna. Na walimla.

Cucu Wangechi akawasukuma watu, akaja hadi mbele ya mwanawe, akaushika uso wake kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, "Cucu, kidonda usiguse." Hakukigusa. Alikiangalia muda mrefu, kisha akamwuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mbona hukuniambia, mtoto wangu?"

"Ungesema nipake majivu, mama."

"Ningesema," akakubali.

Akageuka, akarudi kwenye moto, akachukua ndoo ya maji ya mukimo na kuimwaga yote kwenye kuni. Moshi ukatufunika. Ndani ya moshi tukasikia sauti yake: "Bwana Afya amesema hii nyama hailiwi. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia.

Kamau wa bucha, ambaye alikuwa amenifuata kwa gari lake kuona jinsi biashara yake itakavyokombolewa, nikamwambia ampeleke Muriithi hospitalini mara moja. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuuza nyama akageuzwa dereva wa ambulansi, lakini alikwenda, na alikwenda kwa kasi. Vijana wa boma nikawafanya wachimbe shimo refu mbali na kisima, mifuko ya plastiki mikononi na miguuni, mpaka daktari wa mifugo akafika na glavu na chokaa. Nyama, ngozi, kichwa, masufuria ya nyama, visu, vyote vilienda kwenye moto na kisha shimoni. Mzee Gathogo alisimama ukingoni akiwa amevua kofia. Wakati wanafukia alisema jina la fahali. Sitalitaja hapa, lilikuwa jina la mapenzi.

Tulikuwa bado tunanuka moshi wakati gari la Timau, lililocheleweshwa na pancha, liliposimama langoni. Wakashuka wazee wa suti, akinamama wa vilemba, bwana harusi mwenye shingo ngumu kwa woga, na nyuma yao mbuzi wazuri wa mahari, wamefungwa kamba, wameshiba ngano ya Timau. Waliona shimo, waliona chokaa, wakaniona mimi na koti langu jeupe likiwa na masizi. Baba ya bwana harusi akauliza kwa adabu kama kuna msiba.

Mzee Gathogo akageuka kumtafuta ndugu yake. Yule wa kusema maneno alikuwa njiani kwenda hospitali. Basi Cucu ndiye aliyesogea mbele. Akawaeleza yote, bila kuficha, ndama na fahali na kidonda, na akamaliza, "Kwa hivyo nyama hakuna. Kuna mukimo. Na kuna aibu, hiyo ni nyingi, mnaweza kubeba."

Baba ya bwana harusi akakuna kidevu. Akaangalia mbuzi wake.

"Mama, kuna hawa."

"Ati tukule mahari?" Mzee Gathogo akashtuka.

"Halafu tuhesabiwe tumeleta nini?" akauliza mzee mwingine wa Timau. "Tutoke hapa tumebeba mbuzi kwa tumbo, halafu mseme hatukuleta kitu?"

Wakabishana. Wazee wa pande mbili wakakaa chini ya hema na kujadili kwa makini sana kama mbuzi aliyeliwa na aliyemleta ni mbuzi aliyeletwa. Njaa ilikuwa inawauma, lakini hakuna aliyetaka kushindwa. Cucu akawasikiliza mpaka akachoka.

"Hao mbuzi wameingia kwa lango?"

"Wameingia."

"Basi ni wetu. Tumepokea, tumeshukuru. Sasa sisi tunawachinjia wageni mbuzi wetu. Kuna mtu ako na swali?"

Nikaazima visu na masufuria kutoka kanisani, jiko likahamishwa upande mwingine wa boma, na mbuzi walichinjwa mbele ya macho yangu na ya daktari. Tulipima kila ini, kila pafu, kila tezi, huku safu ya wazee wa suti ikitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Nilipogonga mhuri wa kwanza, hema lilipiga makofi. Katika maisha yangu yote ya kazi hiyo ndiyo mara pekee niliyopigiwa makofi kwa kugonga mhuri.

Muriithi alidungwa sindano, akalazwa, akapona. Alibaki na kovu mkononi ambalo anawaonyesha watu hata wasiomwomba. Wote waliokula ndama walipewa dawa, na mifugo ya eneo lile ikachanjwa. Msichana aliolewa, anakaa Timau, na nasikia mabishano ya mbuzi bado yanaendelea kila familia hizo zikikutana.

Sasa niwaambie kilichotokea baadaye, maana ndicho kinachonifanya nisijutie taabu ya kazi hii. Miezi ilikuwa imepita. Nilikuwa ofisini nikinywa chai, simu ikalia. Sauti ya Cucu Wangechi, anapumua kwa shida.

"Bwana Afya! Kuja haraka kwa jirani yetu. Ng'ombe yake imekufa yenyewe, imevimba, na wameshaleta visu!"

"Wazuie, Cucu! Waambie wasiiguse!"

"Nimewazuia. Hakuna mtu atachuna hii ng'ombe."

"Umewazuiaje?"

"Nimeikalia."

"Umefanya nini?"

"Nimeikalia juu! Niko hapa juu ya tumbo yake na mwiko yangu. Mtu akikaribia, nampiga!"

"Cucu," nikasema, nikitafuta ufunguo wa pikipiki huku chai ikimwagika, "shuka. Shuka sasa hivi. Mtu yeyote asiguse maana yake ni hata wewe!"

Nikasikia watu wakicheka nyuma yake, na yeye akifikiri.

"Hiyo hukuniambia," akasema.

Nilimkuta amesimama kando, mbali kidogo, mwiko begani kama askari wa zamu, na wanaume wazima wakubwa wamekaa kwenye nyasi hawathubutu kusogea. Daktari alichunguza, akakuta si kimeta. Ng'ombe alikuwa ameingia shambani usiku, akala kabichi mpaka akavimba. Hata hivyo nilimwosha Cucu mikono na miguu kwa sabuni mbele ya kijiji kizima, na alinyoosha miguu kama malkia, akiwaambia waliosimama pale waangalie vizuri jinsi inavyofanywa, kwa sababu siku nyingine Bwana Afya atakuwa amestaafu.